Mafaili yaliyotawanyika kwenye diski ya nyumbani, na sababu ya kutopiga Windows upya

Jumamosi moja ya mwezi Machi, tukiwa tumekaa sebuleni kwetu Kitangiri, Mwanza, kusikiliza nyimbo za Pasaka ambazo kwaya yetu ilikuwa imerekodi wiki iliyotangulia, sauti zilianza kukatikakatika. Sauti ya kwanza na ya pili zilinyamaza kwa kitambo, besi ikaendelea peke yake, kisha zote zikarudi kwa pamoja zikiwa zimepishana, na baada ya nusu dakika programu ya kurekodia ikasimama kabisa. Taa ndogo ya diski haikuzima hata mara moja. Ndani ya kasha la kompyuta ilisikika mikwaruzo ya haraka isiyo na mpangilio, kama kuku anayechakura kwenye majani makavu, na sauti hiyo ndiyo iliyonifanya nishuku diski kabla ya kushuku kitu kingine chochote.

Kompyuta yenyewe ni ya mezani, tuliinunua ikiwa imetumika, na ndiyo inayobeba kazi zote za nyumba: rekodi za kwaya, daftari la stoo ya dagaa ya mke wangu, picha za familia na mitihani ninayotunga. Nilimpigia simu kijana mmoja fundi ambaye hutusaidia mara kwa mara. Alikuja jioni hiyo hiyo, akaiwasha, akasubiri dakika nne mpaka ikafunguka vizuri, akasema, "Mwalimu, hapa dawa ni kupiga Windows tu." Sikumlaumu, kwa sababu hiyo ndiyo tiba inayotolewa mjini kwetu kwa karibu kila mashine inayochelewa, na mara nyingi kweli mashine hurudi ikiwa nyepesi. Lakini kupiga Windows, yaani kuifuta na kuiweka upya, kungemaanisha kupanga upya programu zote za kurekodia, jambo lililonichukua wiki mbili mara ya kwanza, na zaidi ya hapo nilitaka kujua ugonjwa kabla ya kumeza dawa. Nilimwomba anipe siku chache.

Diski yetu ni ile ya kuzunguka, si ile ya kisasa isiyo na kitu kinachosogea. Ndani yake mna sahani nyembamba zilizopakwa utando wa sumaku, zinazozunguka mara 7,200 kwa dakika, na juu yake kuna mkono wenye kichwa kidogo cha kusomea na kuandikia ambacho huenda na kurudi kutoka ukingoni hadi karibu na katikati. Muundo huu una umri mrefu: diski ya kwanza ya namna hii ilitolewa na IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na uwezo wa kuhifadhi herufi milioni 5, kiasi ambacho kisingetosha hata nusu dakika ya wimbo mmoja kwa ubora wa CD. Uwezo umeongezeka mno tangu wakati huo, ila kanuni ni ile ile. Ili kusoma kitu, kichwa lazima kisafiri hadi kwenye mstari unaohusika, kisha kisubiri sahani izunguke mpaka kitu hicho kifike chini yake. Kwa diski kama yetu, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 8.3, kwa hiyo kusubiri huko ni wastani wa milisekunde 4 hivi. Ukijumlisha na safari ya mkono, ambayo kwa diski za nyumbani ni karibu milisekunde 9, kila mruko unagharimu takribani milisekunde 13.

Mke wangu aliponiuliza tatizo ni nini, nilimweleza kwa stoo yake ya Mwaloni, Kirumba, na nadhani maelezo hayo yanafaa kurudiwa hapa. Shehena ya dagaa inapofika kutoka visiwani, karani wa stoo huipanga popote palipo wazi. Stoo ikiwa tupu, magunia 10 ya mteja mmoja hukaa pamoja, na mbebaji akitumwa kuyatoa huyachukua yote kwa safari moja ya kuingia. Baada ya wiki kadhaa za kutoa na kuingiza, stoo hubaki na mapengo: hapa la magunia matatu, pale la mawili, kule nyuma karibu na ukuta la matano. Shehena mpya ya magunia 10 ikija, hugawanywa katika mapengo hayo, na karani huandika kwenye daftari lake kwamba mzigo wa fulani uko sehemu tatu. Hakuna gunia lililopotea na daftari liko sahihi, lakini mbebaji sasa huzunguka stoo nzima kwa kazi iliyokuwa ya mara moja. Mzigo wa mteja ni faili, na magunia ni vipande vyake; karani ni mfumo wa mafaili wa Windows, uitwao NTFS; daftari lake ni jedwali kuu ambamo mahali pa kila faili pameandikwa; mbebaji ni kile kichwa cha kusomea. Mke wangu alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwani stoo imejaa kiasi gani?" Ndilo swali lililokuwa la kwanza kuulizwa, nami sikuwa nimeliuliza.

Diski yetu inauzwa kama ya GB 500, ambayo Windows huihesabu kuwa 465. Imegawanywa sehemu mbili: C yenye GB 120, ambamo mna Windows na programu, na D yenye GB 345, ambamo mna rekodi, picha na mengineyo. Kwenye D zilikuwa zimebaki GB 19. Hiyo ni chini ya asilimia 6 ya nafasi yote, na katika hali hiyo mfumo hauna uchaguzi. Kila faili jipya hukatwakatwa ili lienee katika mapengo yaliyobaki. Niliandika neno defrag, yaani kukusanya vipande vya mafaili vilivyotawanyika, kwenye sehemu ya kutafutia ya Windows 10, nikafungua chombo cha kuboresha diski, nikaamuru kichunguze tu bila kusogeza kitu. (Anayependa kuandika amri anaweza kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika defrag D: /A, na matokeo ni yale yale.) Sehemu ya C ilikuwa imetawanyika kwa asilimia 17, na D kwa asilimia 41. Tena chombo kilionyesha kwamba hakikuwahi kufanya kazi hata siku moja tangu mashine iwekwe hapo.

Hilo la mwisho lilinishangaza mpaka nilipofikiri jinsi tunavyoishi na mashine hii. Windows hujipangia kazi hizi kila wiki, kwa saa za usiku au wakati kompyuta imewashwa lakini haitumiki. Kwetu kompyuta haiachwi kamwe katika hali hiyo. Inawashwa kazi ikiwapo, na kazi ikiisha inazimwa hadi kwenye soketi ukutani, kwa sababu kila mtu hapa ana kifaa kilichoungua siku umeme uliporudi kwa kishindo. Ni tahadhari ya haki kabisa na sitaiacha, ila maana yake ni kwamba fagio lililokuja na nyumba halijawahi kushikwa.

Kwa nini D ilikuwa mbaya kuliko C? Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani kila anayerekodi sauti nyumbani alijue. Kifaa chetu cha kurekodia kina mikondo 8, na kila mkondo huandika faili lake: sauti nne za kwaya, kinanda, ngoma na maikrofoni mbili za ukumbi. Kwa kipimo tunachotumia, yaani sampuli 48,000 za biti 24 kwa sekunde, kila mkondo huzalisha MB 8.6 kwa dakika, na yote minane pamoja karibu MB 69. Mafaili hayo manane hukua kwa wakati mmoja, kidogo kidogo, na hakuna linalojua litaishia wapi. Kwa hiyo mfumo huyapa nafasi kwa zamu: kipande cha sauti ya kwanza, kipande cha pili, cha tatu, mpaka cha nane, kisha huanza tena. Hata kwenye diski yenye nafasi kubwa, baada ya saa moja ya mazoezi umepata mafaili manane yaliyosukwa pamoja kama ukili. Kwenye diski iliyojaa, ukili huo nao unakatwa vipande na kutupwa kila pembe.

Fanya hesabu ya juujuu. Faili la MB 500, ambalo ni mkondo mmoja wa karibu saa nzima, kwa diski inayosoma MB 100 kwa sekunde lingesomwa lote kwa sekunde 5 kama limekaa mfululizo. Likiwa na vipande 3,000, kila mruko ukigharimu milisekunde 13, unaongeza sekunde 39 ambazo ni za safari tupu. Sasa cheza mafaili manane ya namna hiyo kwa pamoja. Data inayohitajika kwa kila sekunde ni kidogo mno, MB 1 na ushee, kiasi ambacho diski hii ingekitoa bila kuhisi uzito wowote. Kinachoshindikana ni miguu ya mbebaji. Ile mikwaruzo ya kuku ilikuwa ndiyo safari hizo.

Nilitaka kuanza kukusanya vipande usiku ule ule, lakini nilijizuia, na nashukuru nilijizuia. Kukusanya vipande ni kazi nzito. Diski husoma na kuandika mfululizo kwa saa nyingi, na ikiwa ni mgonjwa, kazi hiyo inaweza kuwa ndiyo ya kuimaliza. Dalili za diski iliyotawanyika na za diski inayokufa hufanana kwa mtumiaji: zote mbili huchelewa, zote mbili hukwaruza. Kwa hiyo kwanza niliazima diski ya nje kwa shemeji yangu, nikanakili rekodi zote, picha zote na daftari la stoo. Kunakili kulichukua usiku kucha na sehemu ya asubuhi, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ushahidi wa hali ya mafaili. Kisha nilitumia programu ya bure ya CrystalDiskInfo kusoma kumbukumbu za afya ambazo diski hujiandikia yenyewe. Mistari miwili ndiyo iliyonihusu zaidi: ule wa 05, unaohesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishiwa mahali, na ule wa C5, unaohesabu sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado inazisubiria uamuzi. Yote miwili ilikuwa sifuri. Kama C5 ingekuwa na namba yoyote, nisingekusanya kipande hata kimoja. Ningebaki na nakala yangu na kwenda kutafuta diski nyingine. Mwisho niliendesha chkdsk D: /f ili makosa madogo ya daftari yarekebishwe kabla ya kuhamisha magunia.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupunguza mzigo, nayo ilikuwa ngumu kwa sababu ya moyo zaidi kuliko ya ufundi. Tulikuwa na rekodi za mazoezi za miaka mitatu, nyingi zikiwa ni marudio ya wimbo ule ule mara sita au saba. Niliketi na mwalimu wa kwaya jioni mbili tukasikiliza na kuchagua. Zile za marehemu mzee wetu wa besi hatukufuta hata moja. Zilizobaki tulizihamishia kwenye diski ya nje au tukazifuta, na D ikapata GB 110 zilizo wazi. Chombo cha kukusanya vipande kinahitaji uwanja wa kufanyia kazi: lazima kipate nafasi iliyo mfululizo ya kuweka faili zima kabla ya kuachia mahali pa zamani. Enzi za Windows XP chombo chenyewe kilikuwa kikionya nafasi ikipungua chini ya asilimia 15, nami bado naishika namba hiyo kama mpaka wa chini, ingawa kwa anayerekodi ningesema asilimia 20 au zaidi.

Kazi yenyewe nilianza siku ya tatu, saa 3 asubuhi. Saa 7 mchana umeme ulikatika. Moyo ulinipasuka, lakini nilikuwa nimejiandaa kwa jambo hilo kwa akili ingawa si kwa vifaa. Windows, tangu toleo la NT 4.0 la mwaka 1996, ina njia rasmi ya kuhamisha vipande: data hunakiliwa kwanza mahali papya, ndipo daftari hubadilishwa, na NTFS huweka kumbukumbu ya mabadiliko ya daftari hilo. Umeme ukikatika katikati, kwa kawaida faili hubaki ama mahali pa zamani ama mahali papya, si nusu huku na nusu kule. Uliporudi jioni niliendesha tena chkdsk, haikukuta kosa, nikaendelea. Hata hivyo sitaki mtu achukue maneno haya kuwa kinga. Njia hiyo hailindi faili ambalo programu nyingine ilikuwa ikiliandika wakati huo, wala hailindi mitambo ya diski dhidi ya kukatiwa nguvu mara kwa mara. Siku iliyofuata niliazima yupiesi (betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika) ya ofisini kwa ruhusa, na C niliikusanya ikiwa nyuma ya yupiesi hiyo.

Kuna faili moja ambalo chombo hiki hakiligusi, nalo ni lile ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Liko wazi muda wote, kwa hiyo haliwezi kuhamishwa, na kwenye diski iliyojaa huwa limekatika vipande vingi. Nilikwenda kwenye mipangilio ya mfumo, nikaliondoa, nikawasha mashine upya, nikakusanya vipande vya C, kisha nikalirudisha kwa ukubwa usiobadilika ili likae mahali pamoja na lisiwe likipanuka na kusinyaa. Mashine yenye RAM ndogo sana inaweza kusumbua katika kipindi kile cha katikati, kwa hiyo wakati huo usifungue kitu kingine.

Matokeo yalikuwa haya: D ilishuka hadi asilimia 1, na C hadi sifuri. Asilimia hiyo moja isimsumbue mtu. Windows 7 na zilizofuata hazihesabu kipande cha MB 64 au zaidi kuwa tatizo, na zina haki, kwa maana kukisoma kipande hicho huchukua zaidi ya nusu sekunde huku mruko wa kukifikia ukiwa sehemu ndogo sana ya muda huo. Kuna watu wanaorudia kazi hii mara tatu ili waione sifuri. Wanaichosha diski bila faida. Kuwasha mashine kulishuka kutoka dakika nne hadi mbili kasoro. Mikondo yote minane ilicheza wimbo mzima pasipo kukwama, nami niliurudia mara mbili nikiwa nimeweka mkono juu ya kasha, kumetulia.

Fundi aliporudi nilimwonyesha, naye akaniuliza kwa nini basi kupiga Windows husaidia. Ni swali zuri na jibu lake limo ndani ya jambo lenyewe. Anapofuta diski nzima, akaweka Windows na kurudisha mafaili ya mteja, kila faili huandikwa upya likiwa mfululizo kwenye diski yenye nafasi. Amekusanya vipande bila kujua, kwa njia iliyo ndefu na yenye hatari kubwa zaidi. (Hufuta pia programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe, na hiyo ni faida ya kweli.) Lakini kama angepiga Windows kwenye C pekee, kama wengi wafanyavyo ili kuokoa data, D yetu ingebaki na ukili wake ule ule na kwaya ingeendelea kukatikakatika.

Lazima niseme habari za diski za SSD, kwa sababu mwanangu, alipoona mafanikio haya, alitaka kuifanyia kompyuta mpakato yake vivyo hivyo, nami nilimzuia kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. SSD haina sahani wala mkono. Kipande kilicho mwanzoni na kilicho mwishoni hufikiwa kwa muda ule ule, sehemu ndogo ya milisekunde moja, kwa hiyo kutawanyika hakuna safari kunayoirefusha. Upande wa pili, chembe zake za kumbukumbu huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kukusanya vipande ni kuandika GB nyingi bila sababu. SSD huhitaji kitu kingine: kuambiwa ni nafasi zipi hazitumiki tena, ili izisafishe mapema kabla ya kuandikwa upya. Amri hiyo huitwa TRIM, na chombo kile kile cha Windows 10 kikitambua SSD huipeleka hiyo badala ya kukusanya vipande. Hivyo ukikitumia chombo cha Windows chenyewe uko salama; hatari iko kwenye programu za kigeni zinazokusanya vipande vya kila diski bila kuuliza aina yake. Flashi na kadi za kumbukumbu nazo ziachwe.

Programu za kulipia zinazoahidi kuiongezea kompyuta kasi mara dufu sikuzihitaji na sioni zilivyoweza kunisaidia. Wanaotumia Linux badala ya Windows, wenye mfumo wa mafaili wa ext4, hupatwa na shida hii kwa nadra, kwa sababu mfumo huo huchelewa kidogo kugawa nafasi mpaka ujue faili litakuwa kubwa kiasi gani, lakini diski iliyojaa huwatesa hata wao.

Tangu hapo tumebadilisha utaratibu wa kurekodi. Kabla ya kila kipindi nahakikisha D ina angalau GB 80. Baada ya kipindi nanakili rekodi kwenda diski ya nje usiku huo huo, kisha nazirudisha zikiwa zimekaa mfululizo na kufuta zile za awali, jambo linalofanya kazi ya kukusanya vipande bila chombo chochote. Jumapili ya kwanza ya mwezi, tukitoka kanisani, naiwasha mashine nyuma ya yupiesi yetu wenyewe, ambayo mke wangu aliinunua kwa faida ya stoo, nakiachia chombo cha Windows kifanye kazi mpaka saa ya chakula cha mchana. Mara ya mwisho D ilisoma asilimia 3. Mwezi ujao tutarekodi kwa siku mbili mfululizo, na kwa kazi hiyo nimeshapata diski ya pili, ya TB 1, nitakayoifunga ndani ya kasha iwe ya rekodi peke yake.